Nimetumia protini za maziwa ya mama zilizovunwa kwenye mpunga

Nyota 4 kati ya 5. Naanza na hukumu kwa sababu nawajua wasomaji wa mapitio: mkishaona nyota mnaondoka. Mnaobaki, karibuni. Nyota moja iliyokatwa ina kisa chake, na zile nne zina kisa kirefu zaidi.

Mimi ni mtoto wa Kyela. Nimekulia kwenye majaruba, nimeamia ndege nikiwa darasa la tatu, kopo lenye mawe mkononi na sauti imeshakauka kabla ya saa tano asubuhi. Kwa hiyo nikizungumzia mchele nina haki. Sasa naishi Kansas, katikati kabisa ya Marekani, huu mwaka wa saba, na ni fundi kwenye maabara inayokuza seli za utumbo wa nguruwe. Watafiti wanafikiri. Mimi naagiza, napima, nayeyusha, naosha, na kitu kikiharibika naulizwa mimi.

Ninachokipitia hapa ni vichupa viwili nilivyovitumia kwa miezi minane: laktoferini ya binadamu na lisozimu ya binadamu. Hizi ni protini mbili zilizomo kwenye maziwa ya mama, lakini hakuna mama aliyekamuliwa. Zimetengenezwa ndani ya punje za mpunga uliotiwa jeni za binadamu, mpunga ukavunwa, ukakobolewa, ukasagwa, protini zikachujwa. Kwenye lebo, chini ya jina, kuna maandishi madogo yanayosema zimezalishwa kwenye mchele. Siku ya kwanza niliyasoma mara mbili, nikapiga picha, nikamtumia mama.

"Shikamoo mama. Umeona? Mchele wenye maziwa ya mama."

"Marahaba mwanangu. Huo mpunga nani aliunyonyesha?"

Ikabidi nimweleze, na nyinyi nitawaeleza, ila kwanza nimalize habari ya kifurushi, maana huko ndiko nyota ilikokatikia.

Muuzaji simtaji. Ni mmoja wa wale wanaouza kemikali za maabara kwa katalogi nene kama msahafu. Alituma mzigo siku ya Alhamisi, mwezi wa saba, wakati huku lami inanata kwenye soli. Ijumaa haukufika. Jumamosi na Jumapili ukalala kwenye ghala la msafirishaji. Jumatatu nafungua boksi jeupe la povu gumu, kama yale ya wauza samaki, nakuta zile pakiti za barafu zimekuwa mifuko ya maji ya uvuguvugu. Lebo ya laktoferini imelowa na namba ya bechi, yaani ya fungu lililotengenezwa pamoja, imefutika nusu.

Bila namba ya bechi hupati cheti cha bechi, na bila cheti hujui laktoferini yako imebeba chuma kiasi gani, jambo ambalo kwa protini hii ndilo kila kitu. Nikapiga simu. Nikawekewa muziki. Nikaambiwa nitume picha ya namba. Nikatuma. Nikajibiwa kwamba picha haionyeshi namba vizuri. Ndiyo, ndugu yangu, ndiyo sababu nimepiga simu.

Kichupa kingine kilikuja siku ya tisa. Kwa haki yao, hawakunidai hela ya ziada. Na kwa haki ya bidhaa yenyewe, kile kichupa kilicholowa sikukitupa: nilikijaribu baadaye pembeni ya kile kipya, sikuona tofauti. Unga uliokaushwa vizuri unavumilia. Binadamu wa huduma kwa wateja ndiye aliyenichosha.

Sasa unga wenyewe.

Lisozimu ni nyeupe, nyepesi, ina tabia ya kurukia kijiko cha kupimia hasa wakati wa baridi hewa ikiwa kavu. Laktoferini ndiyo yenye sura. Ina rangi ya waridi iliyopauka, kama unga wa muhogo ulioguswa na kidole kilichotoka kwenye ubuyu wa Zanzibar. Rangi hiyo ni ya chuma. Molekuli moja ya laktoferini ina mifuko miwili, na kila mfuko unashika atomu moja ya chuma na kuing'ang'ania. Ikishiba chuma inakuwa ya waridi kabisa. Ikiwa na njaa inapauka. Mtoto anaponyonya, laktoferini yenye njaa inashuka tumboni na kunyang'anya chuma ambacho bakteria wangekitumia kuzaliana. Hakuna sumu wala risasi. Ni kuficha chakula tu mgeni asiyealikwa aondoke.

Unapoiyeyusha usitikise. Mgeni wetu mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliitikisa kama anachanganya juisi, ikatoa povu kama maziwa yanavyokamuliwa kwenye kibuyu, tukasubiri karibu saa nzima povu litulie. Weka maji ya chumvi baridi kidogo kidogo, laza tyubu, iache ijiyeyushe. Dakika kumi zinatosha.

Lisozimu kazi yake ni nyingine, na hii unaiona kwa macho. Kuna kipimo cha zamani ambacho kila fundi wa maabara anakipenda kwa sababu ni kama mazingaombwe. Unachukua bakteria waliokaushwa aina ya Micrococcus, unawakoroga kwenye bafa, yaani maji yenye chumvi yanayozuia asidi isibadilike. Maji yanakuwa meupe, mazito, sawasawa na maji ya kwanza ya kuosha mchele. Unadondosha lisozimu. Unaweka kwenye spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaopenya, mwanga wa nanomita 450, unakaa unatazama namba zikishuka. Ukipenda, iache mashine, inua tyubu dirishani: maji ya kwanza ya kuosha mchele yanakuwa ya pili, kisha ya tatu, kisha unaona vidole vyako upande wa pili. Bakteria wamepasuliwa kuta. Wamekwisha.

Nilifanya kipimo hiki na lisozimu ya yai la kuku, ambayo ndiyo ya bei nafuu na ndiyo tuliyoitumia miaka yote, halafu na hii ya mpunga, kiasi kilekile, halijoto ileile. Ya mpunga iliwahi, tena kwa mbali. Haikunishangaza, maana inajulikana kwamba lisozimu ya binadamu ina nguvu karibu mara 3 ya ile ya yai dhidi ya bakteria hawa. Kilichonifurahisha ni kwamba mpunga haukuipunguzia chochote. Ilifanya kazi kama lisozimu ya mtu.

Aliyeigundua protini hii ni Alexander Fleming, huyuhuyu wa penisilini, mwaka 1922, miaka kadhaa kabla ya penisilini. Aliikuta kwenye kamasi za mtu mwenye mafua. Imo kwenye machozi, mate, kamasi na maziwa ya mama. Kwenye maziwa ya ng'ombe ipo kidogo mno, maelfu ya mara chini ya maziwa ya binadamu. Hapo ndipo hoja yote ya mpunga inapoanzia: mtoto anayelelewa kwa maziwa ya kopo anakosa vitu hivi, na ng'ombe hawezi kumpa. Ikiwa utavitaka kwa wingi, utavitoa wapi?

Mpunga ni jibu la akili, nawapa heshima. Punje ni ghala. Imeumbwa ihifadhi protini kavu kwa miezi bila friji. Wanasayansi walichofanya ni kuchukua jeni ya laktoferini ya binadamu na kuiwekea mbele swichi ya glutelini, protini ambayo mpunga wenyewe huihifadhi kwenye punje. Kwa hiyo jani halitengenezi, shina halitengenezi, mzizi hautengenezi. Ikifika wakati wa punje kujaza maziwa (na sisi wakulima tunasema hivyohivyo, mpunga "una maziwa") ndipo laktoferini inatengenezwa na kufungiwa humo. Nilimwambia mama hilo akacheka sana. Kumbe neno tulikuwa nalo siku zote.

Mbegu waliyoanzia si ya harufu. Inaitwa Taipei 309, punje fupi, maarufu maabara kwa sababu inakubali kupandikizwa jeni. Kwenye tafiti za mwanzo, zilizochapishwa mwaka 2002, walipata karibu gramu 5 za laktoferini kwenye kila kilo ya mchele ambao haujang'arishwa. Kwa lisozimu walifika karibu gramu 6. Kwa mtu wa kazi hii, namba hizo ni kubwa ajabu. Kuzitoa ni rahisi pia: saga unga, koroga na maji ya chumvi, chuja wanga, kinachobaki pitisha kwenye mnara wa chenga zenye chaji hasi. Protini hizi mbili zina chaji chanya kuliko karibu kila kitu kilichomo humo, kwa hiyo zinanasa zenyewe. Nimewahi kusafisha protini kutoka kwenye bakteria kwa siku nne nikilia. Hii ya mchele ni kama kupepeta kwa ungo.

Kampuni iliyotangulia kwenye njia hii ni Ventria Bioscience, iliyoanzia California kutokana na kazi za Profesa Raymond Rodriguez wa Chuo Kikuu cha California pale Davis. Na hapa kuna kitu kilichonigusa binafsi: shamba lao kubwa waliliombea kibali hapahapa Kansas, kwenye wilaya ya Geary, mji wa Junction City. Ni safari fupi kutoka ninapoishi. Mji umepewa jina hilo kwa sababu mito miwili, Republican na Smoky Hill, inakutana hapo na kuzaa mto Kansas. Nilienda Jumamosi moja ya mwezi wa sita na rafiki yangu wa Pemba. Tukakuta ngano iliyoiva, mashine za kuvunia, maghala marefu ya zege, kambi ya jeshi upande wa pili, na hakuna hata jaruba moja. Nilisimama kando ya barabara nikijaribu kuwaza mpunga kwenye upepo ule mkavu. Kyela tuna Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo zinazoshuka milimani kuja kumwaga maji ziwani. Mpunga unaomba tu kupandwa. Pale ungeomba pampu.

Lakini huo ukame wa mpunga ndio sababu waliichagua Kansas. Hakuna mkulima wa mpunga wa biashara wa kukasirika.

Maana walishakasirisha wengi. Mwaka 2004 California, wakulima wa mpunga waliogopa kwamba wanunuzi wa Japani wakisikia tu kuna mpunga wenye jeni za watu jirani, wataacha kununua, na jimbo likawanyima kibali. Mwaka 2005 wakaenda Missouri. Huko Anheuser-Busch, wapika bia ya Budweiser, ambao hutumia mchele kwenye bia na ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa mchele nchini humo, wakasema mpunga huo ukipandwa, hawatanunua mchele wa Missouri. Wakaelewana kwamba shamba liwe umbali wa maili 120, kama kilomita 190, kutoka mashamba ya kawaida, lakini mpango wa huko haukuendelea. Ndipo mwaka 2007 Wizara ya Kilimo ya Marekani ikatoa kibali cha hadi ekari 3,200 hapa Kansas. Wananchi waliotuma maoni walizidi 20,000, na karibu wote walipinga.

Kuna wenzangu maabara wanaowacheka wakulima wale. Mimi siwacheki. Mpunga hujichavusha wenyewe, kweli, kwa hiyo chavua kusafiri mbali si hatari kubwa kama kwa mahindi. Lakini nani alisema mchele unachanganyika kwa chavua? Unachanganyika kwa gunia, kwa lori, kwa mashine ya kukoboa ambayo haikufagiliwa. Muulize mtu yeyote wa Kyela ambaye mchele wake umechanganywa na mchele wa kwingine na wafanyabiashara, kisha mteja wa Dar es Salaam akalalamika kwamba Kyela siku hizi haunukii. Na ndege je? Mimi niliyeamia ndege nawaambia, hakuna kibali cha serikali ambacho kwelea amewahi kukisoma.

Na si hofu tupu. Mwaka 2006, mpunga mwingine kabisa, wa kampuni nyingine, LL601 wa Bayer uliofanywa uvumilie dawa ya magugu, ulikutwa umechanganyika na mchele wa punje ndefu wa Marekani kabla haujaruhusiwa kuuzwa. Masoko ya nje yakafunga milango. Mwaka 2011 Bayer wakakubali kuwalipa wakulima dola milioni 750. Huo haukuwa na protini ya maziwa ya mtu. Sasa wazia ungekuwa nayo.

Rafiki yangu wa Pemba, tukiwa kwenye gari kurudi, alikuwa kimya muda mrefu, halafu akauliza swali ambalo hakuna profesa aliyewahi kuniuliza.

"Bibie, watoto wawili wakinywa hicho kitu, wanakuwa ndugu wa ziwa?"

Nikamwambia jeni ni ya binadamu lakini hakuna mwanamke aliyenyonyesha. Akasema hilo lipelekwe kwa mashehe, si kwa fundi wa maabara. Nikakubali. Lakini nimelifikiria tangu siku hiyo kila ninapofungua friji. Protini ya mama asiye na jina, asiye na titi, iliyoota ndani ya nyasi. Lugha yetu ina neno la ndugu aliyenyonya na wewe. Kwa hiki haina.

Turudi kwenye matumizi, maana nimeahidi mapitio.

Kwa kukuza seli, laktoferini hii ni nzuri. Awali tulitumia ile inayosafishwa kutoka kwenye maziwa ya akina mama halisi, ambayo inauzwa pia. Ile huwezi kuishika hivihivi: ni kitu kilichotoka mwilini mwa mtu, kwa hiyo glavu mbili, kabati la usalama, fomu, na wasiwasi wa virusi. Ya mpunga haina wasiwasi huo. Mpunga hauugui ukimwi wala homa ya ini. Kwa maabara ndogo kama yetu hiyo peke yake inaokoa asubuhi nzima.

Kasoro moja ya kisayansi msiambiwe haipo. Laktoferini inapotengenezwa mwilini huvikwa minyororo ya sukari. Mpunga nao unaivika, lakini kwa mtindo wa mimea, vazi si lilelile. Kama kazi yako ni kupima chuma, haitakusumbua. Kama kazi yako inahusu jinsi seli zinavyoitambua laktoferini kwa kushika zile sukari, nunua ya maziwa halisi na vumilia fomu. Nimeona mtu akipoteza wiki tatu kwa kutokujua hili. Lisozimu haina tatizo hilo, kwa sababu ya binadamu nayo haivikwi sukari. Ndiyo maana ukiniuliza kipi kati ya vichupa viwili hivi nitakisifia bila kusita, ni cheupe.

Bei. Kichupa changu cha laktoferini kilikuwa cha miligramu 100, na nilichokilipia ni zaidi ya gunia la kilo 100 la mchele wa Kyela, tena grade ya kwanza. Mia kwa mia, lakini moja ni miligramu na nyingine ni kilo, mara milioni moja. Siku moja ya chakula cha mchana nilikaa nikapiga hesabu nyuma ya risiti. Kama kilo moja ya mpunga ule ilitoa gramu 5, basi miligramu 100 ni gramu 20 za mchele. Nilichukua mchele jikoni nikaupima kwenye mizani: gramu 20 hazijazi hata kiganja. Ni ule unaobaki kwenye ungo ukishapepeta, unaowamwagia kuku.

Najua, hulipii mchele. Unalipia kusafisha, kupima, kukausha, cheti, boksi la povu, na yule bwana wa kwenye simu. Bado hesabu inaniuma, kwa sababu ya Peru.

Huko walichukua watoto 140 waliokuwa wakiharisha, wenye umri wa miezi 5 hadi 33. Wengine walipewa maji ya ORS, na wengine ORS ya mchele iliyotiwa laktoferini na lisozimu za mpunga huu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Waliopata protini waliharisha kwa wastani wa siku 3.67, na wale wengine siku 5.21. Siku moja na nusu. Kwa mtu asiyewahi kukaa na mtoto anayeharisha, siku moja na nusu ni namba. Mimi nimekaa na mdogo wangu usiku, mama akimnywesha uji mwepesi wa mchele wenye chumvi kijiko kwa kijiko, kila kijiko kikirudi, na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Siku moja na nusu najua ina saa ngapi.

Jaribio lile lilizua mzozo Peru. Kulikuwa na maswali makali kuhusu kama wazazi walielezwa vizuri watoto wao wanapewa nini, na nadhani maswali yale yalikuwa ya haki. Mzazi wa Peru hana tofauti na mzazi wa Kyela, anastahili kuambiwa kwa lugha anayoielewa kwamba mchele huu una jeni ya mtu. Na watoto 140 hawatoshi kumaliza ubishi. Lakini ndoto iliyokuwa ikiuzwa ilikuwa hiyo: punje ya bei rahisi, inayokaa kavu kwenye gunia, iliyobeba kile kilichomo kwenye ziwa la mama, kwa ajili ya mtoto anayeharisha. Na lebo ya kichupa changu, kilichomo hichohicho, inasema kwa herufi kubwa: kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Protini ya maziwa ya binadamu, iliyootea kwenye chakula cha binadamu, binadamu haruhusiwi. Wanaokunywa ni seli za utumbo wa nguruwe, na zinanawiri.

Hili si kosa la bidhaa, kwa hiyo sikulikatia nyota. Nilifikiria kulikatia.

Tukiwa hapo, onyo. Mdogo wangu huyohuyo amejifungua Mbeya mwezi wa pili, akaniandikia, "Dada, nitumie hata kidogo nimwekee mtoto kwenye maziwa." Hapana, na wewe unayesoma hapana. Unga wa maabara haukutayarishwa kwa kinywa cha mtoto, haijalishi umesafishwa vipi. Nilimwambia dang'a lake la siku za kwanza, lile la njano ambalo bibi zetu wengine walikuwa wakilikamua na kulimwaga, lina laktoferini nyingi kuliko maziwa yatakayofuata, na hata hayo ya baadaye yana zaidi ya gramu moja kwenye lita. Kwa bei niliyolipa mimi, kila lita ingekuwa vichupa kumi na zaidi. Akanijibu na kicheko cha machozi na picha ya mtoto amelala mdomo wazi, tone la maziwa likimtiririka kidevuni.

Basi nani anunue? Maabara inayohitaji lisozimu yenye nguvu na isiyotoka kwa kuku wala kwa mtu: nunua, hutajuta. Anayefundisha wanafunzi: usinunue, tumia ya yai, mazingaombwe ni yaleyale na wanafunzi watamwaga nusu. Anayetaka laktoferini kwa ajili ya chuma: nunua, lakini dai cheti cha bechi kabla hujalipa, na namba iandike kwa kalamu isiyofutika ukifungua boksi tu. Aliye nyumbani, Tanzania au Kenya, sijaagiza kupeleka huko, ila kwa niliyoyaona hapa mwezi wa saba, usikubali mzigo uondoke bila mtu wa kuupokea uwanjani.

Mama bado hajaliacha. Wiki iliyopita aliuliza kama naweza kumletea mbegu kidogo, kiganja tu, akapande pembeni ya jaruba la mwisho tuone. Nikamwambia mbegu haziuzwi, mama, na ukipanda watakuja kukukamata. Akasema, "Na ndege je, nao watawakamata?"

Nimeagiza lisozimu nyingine, laktoferini ninayo bado. Nimeandika kwenye oda, kwa herufi kubwa, isitumwe Alhamisi wala Ijumaa.